Hosteli ya familia za watoto wa saratani karibu na hospitali ya Mulago, Kampala: nzuri sana, ila ndugu wa mgonjwa hana kitanda

Jina la hosteli siliweki hapa kwa hiyo msije inboksi kuniuliza. Matroni mwenyewe aliniomba nisitangaze, anasema vitanda havitoshi hata kwa waliopo, na huwezi kuja tu na begi lako kubisha hodi, lazima uandikiwe na sosho woka (afisa ustawi wa jamii) wa wodi ya watoto. Kama una mtoto anatibiwa saratani pale juu Mulago, muulize sosho woka, anaijua. Mi nimekaa pale vipindi tofauti na wifi yangu na watoto wa kaka yangu, wawili wagonjwa, na naona watu wakiandika kuhusu sehemu kama hizi wanaandika tu "Mungu awabariki" bila kusema choo kikoje, kwa hiyo acha niseme.

Tunatoka Arua, na watu wa Arua mnalijua basi la usiku, unafika Kampala alfajiri miguu imevimba, sasa ongeza mtoto mapajani anayetapika toka Karuma. Kabla hatujapewa nafasi tulilala gesti moja hapo jirani, pesa ya vitenge ikaishia hapo, baadae wifi akawa analala kwenye mkeka chini ya kitanda cha mtoto wodini sawa na wamama wengine. Kwa hiyo mtu akikuambia kuna nyumba ina kitanda, maji na jikoni na malazi hawalipishi, huanzi kuuliza rangi ya pazia.

Malazi bure kweli, hakuna ujanja. Mnachangia makaa na sabuni mkiweza, na asiyeweza hasemwi. Vyumba ni vya vitanda vya deka, familia kadhaa chumba kimoja, neti ziko na hazina matundu, magodoro yamefunikwa plastiki inayokutoa jasho usiku lakini mtoto akitapika unapangusa tu, na atatapika. Posho (ugali) na maharage vinatoka kwa hosteli, mboga nyingine ujitegemee. Wamama wa Kiganda wakipika binyebwa (mchuzi wa karanga) wanagawa bila kuombwa, sisi tulileta angara, samaki wetu wakavu, toka nyumbani tukadhani tunarudisha fadhila, matroni akatufukuza na sigiri yetu mpaka nje ya geti, eti harufu ya samaki ile watoto waliotoka kwenye kemo (dawa kali za saratani) hawaiwezi. Ana haki. Wakati huo nilinuna.

Vyoo ni safi asubuhi, jioni usiulize. Maji ya bomba yakikatika kuna tangi. Usafi wa mikono hawana mchezo nao kabisa, getini kuna jerikani na sabuni na hupiti bila kunawa hata uwe nani, nikamwona padri mzima anarudishwa. Mwanzoni nilidhani ni maringo, mpaka nesi akaeleza kwamba kemo inashusha chembe nyeupe za damu, zile za kupigana na magonjwa, na zikishashuka, mafua ya mtoto wa jirani au surua inaweza kumuua mtoto ambaye saratani ilikuwa inashindwa. Lugha ya pale ni Kiganda toka ofisini mpaka jikoni, sisi wa West Nile, upande wa Arua, tulikuwa tunaokolewa na askari wa getini, mzee mstaafu wa jeshi, Kiswahili chake cha kambini kimenyooka, ndo alikuwa mkalimani wetu wa kila kitu, hata matokeo ya vipimo.

Sasa kwa nini wagonjwa wawili nyumba moja, hapo ndo kuna habari yenyewe.

Rashidi (majina yote nimebadili) alikuwa na miaka miwili na kitu, siku ya Idi nikawapiga picha na simu, flashi ikawaka, macho ya watoto wote yakatoka mekundu ile ya kawaida ya picha, jicho lake la kushoto likatoka jeupe kama sarafu. Kliniki moja ya mtaani ikatupa tyubu ya tetrasaikilini, tukapaka ikaisha, tukarudi tukapewa tyubu nyingine. Jicho likaanza makengeza. Jirani akasema mtoto katupiwa kitu. Mpaka jicho limevimba ndo barua ya rufaa ikaandikwa, na kwa hali ile hakukuwa na la kufanya zaidi ya kulitoa na kumpa kemo ili isisambae. Inaitwa retinoblastoma, saratani inayoota ndani ya jicho, inashika watoto wadogo, wengi hawajafika miaka mitano. Ikiwahiwa inapona, ikichelewa inafuata mshipa wa jicho kwenda kwenye ubongo. Kwa hiyo picha yako yoyote ya simu ukiona jicho moja limetoka jeupe, nenda kwa daktari wa macho mwenyewe, sio duka la dawa.

Daktari Kampala alimwangalia Rashidi, halafu akauliza kitu ambacho hakuna aliyewahi kutuuliza: baba yake ana shida ya macho? Kaka yangu ana jicho moja. Tangu nimepata akili ni wa jicho moja, nyumbani ilikuwa inasemwa aliugua macho utotoni, basi, yakaishia hapo. Nikampigia mama simu nimesimama palepale koridoni, nikamwuliza jicho la kaka lilikuwaje kabla hawajalitoa. Akanyamaza, nikadhani laini imekata. Halafu akasema, "Lilikuwa linang'aa, mwanangu. Ukimwinamishia taa linang'aa."

Daktari akasema leteni wote. Hata wa kunyonya. Hata mkubwa.

Hili la kuita ndugu wote halikuanguka toka mbinguni, kuna mtu alilifanyia kazi. Mwaka 1971 daktari wa Marekani Alfred Knudson alikaa na mafaili ya watoto 48 wenye ugonjwa huuhuu, hakuwa na mashine ya ajabu, ni hesabu tu: nani kaugua jicho moja, nani mawili, kwa umri gani, nani ana mzazi au ndugu aliyeugua. Akaona wa macho mawili wanaugua mapema zaidi. Akasema seli mpaka igeuke saratani hii inaharibika mara mbili, sasa kuna mtoto anazaliwa la kwanza tayari analo mwili mzima, amebakiza moja tu, na kuna mwingine yote mawili yanamkuta kwa bahati mbaya tu ndani ya jicho. 1986 jeni yenyewe ikapatikana, wanaiita RB1. Mzazi mwenye hitilafu hiyo, kila mtoto anayemzaa ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi. Kaka yangu alipoelezwa haya alitoka nje akakaa kwenye bodaboda ya mtu muda mrefu, mwenye bodaboda mwenyewe hakumwondoa.

Hawa, mdogo wake Rashidi, alikuwa bado ananyonya. Kwa nje macho yake ni mazuri kabisa, hakuna picha ingeonyesha kitu. Wakamlaza kwa dawa ya usingizi wakamwangalia kwa ndani, vivimbe vidogo vipo. Vidogo. Kwa hiyo yeye alipata kemo, na vilivyobaki vikachomwa kwa leza, na tunarudi rudi kuangaliwa, itaendelea hivo mpaka awe mkubwa kidogo. Leo ana macho yake yote mawili na anafukuza kuku wa bibi yake. Baba mmoja, mama mmoja, ugonjwa mmoja, Rashidi ana jicho la bandia na Hawa hana tofauti yoyote na watoto wengine, na tofauti yao ni kwamba wa pili aliangaliwa kwa sababu ya wa kwanza. Nimewaambia watu wangu wote Arua, mkiwa na mzee mwenye jicho moja tangu utotoni kwenye ukoo, msikae kimya. (Wengi wa ugonjwa huu wa macho wanapelekwa Ruharo kule Mbarara, kituo cha macho ambacho kemo yake walianza 2009, kwa hiyo ukipewa barua ya huko usidhani umetupwa.)

Pale hosteli ukikaa unajikuta unasoma saratani za watoto wote bila kupenda. Chumba chetu alikuwepo mama wa Lira na mvulana wake mwenye Burkitt, saratani inayovimbisha taya, shavu lilikuwa limevimba mpaka meno yamelegea, tuliogopa kumwangalia. Akawekewa dripu ya kwanza, na ndani ya siku chache tu uvimbe unapungua unauona kwa macho, mama yake kila asubuhi anampima kwa kitambaa kilekile. Huo ugonjwa dunia iliujulia hapahapa. Denis Burkitt, daktari mpasuaji, 1957 alimwona mtoto Mulago taya zimevimba pande zote, baadae kidogo akaona mwingine Jinja, akaandika 1958, na 1961 akachukua gari na wenzake wawili, mmoja Ted Williams wa hospitali ya Kuluva, kwetu Arua kabisa, wakaendesha toka Kampala mpaka kusini ya Afrika wakiuliza hospitali kwa hospitali nani amewaona watoto wa hivi. Wakagundua ugonjwa unafuata joto na mvua, palepale malaria inapokaa. Vipande vya uvimbe vikapelekwa London kwa ndege, na 1964 Epstein, Achong na Barr wakaona virusi ndani yake, vya kwanza kujulikana kuhusishwa na saratani ya binadamu. Taasisi ya Saratani yenyewe pale Mulago ilianza 1967 kwa ajili ya watoto wa taya hizo. Kwa hiyo mtu akinambia utafiti ni mambo ya wazungu huwa namwangalia tu, utafiti wenyewe ulianzia kwenye taya za watoto wa Uganda.

Lakini sitaki nifanye kana kwamba wifi alikuwa mjinga aliposhtuka. Alikuja nesi na fomu ya ridhaa, wanataka damu kidogo ya Hawa kwa utafiti, wifi akaikunja akaniwekea mkononi, akasema watu hawa wanauza damu. Kwetu hilo lina historia. Kuanzia 1972 watafiti walichukua damu ya watoto kama 42,000 wa West Nile, watoto wazima tu, wakaihifadhi, wakasubiri waone nani ataugua Burkitt. Waliokuja kuugua, damu yao ya zamani ilikuwa na kinga nyingi za virusi vile kuliko wenzao, muda mrefu kabla ya uvimbe kutokea, ikachapishwa 1978 na madaktari wa dunia nzima wanaisoma mpaka leo. Wazee wetu wao wanachokumbuka ni sindano. Nadhani mtu ana haki ya kuuliza kwetu tulirudishiwa nini, na anayekuja na fomu leo ajue anaingia kwenye nyumba yenye kumbukumbu hiyo. Yule nesi alijua. Alikaa chini, akamwita mzee wa getini atafsiri, akasema mkikataa matibabu ni yaleyale, mkikubali mnaweza kubadili mawazo wakati wowote, damu inatumika kwa hiki na hiki. Wifi akampigia mumewe. Wakakubali.

Kuna wanaosema utafiti wa nini wakati wodini siku nyingine hata sindano mnanunua nje. Nami nimenunua nje, najua. Ila angalia lukemia (saratani ya damu) ya watoto ile ya kawaida. Miaka ya 60 mwanzoni karibu wote walikufa, leo nchi tajiri wanapona kama 90 kati ya 100, na sehemu kubwa ya dawa ni zilezile za zamani, kilichobadilika ni watu kukaa kufuatilia kikundi kwa kikundi, dawa gani na gani pamoja, kiasi gani, mwezi wa ngapi, nani anaweza kupunguziwa asiumizwe bure. Vinkristini, dawa ya kemo aliyochomwa Rashidi, inatoka kwenye ua la Madagaska, hilo la pinki ambalo limepandwa hata mbele ya hosteli na watoto wanalichuma. Na saratani ya mtoto ni chache hospitali moja moja, usipounganisha hospitali nyingi hupati jibu. Halafu mtoto wa kwetu anafika amekonda, ana malaria, ana minyoo, hawezi kumwagiwa dozi ya mtoto wa Ulaya akabaki salama, lazima mtu aipime dozi hapa, kwa watoto wa hapa. Shirika la Afya Duniani linasema nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 ya watoto wa saratani wanapona, nchi maskini chini ya 30, na 2018 wakaweka lengo angalau 60 ifikapo 2030. Hiyo nafasi kati ya 30 na 80 sio dawa za siri, ni kuwahi, ni dawa kuwepo stoo, na mtu wa kujua azitumieje.

Nirudi hosteli, maana ndo ninayoitolea nyota. Sheria yao ni mgonjwa mmoja mlezi mmoja. Sisi tulipona kwa sababu wagonjwa wawili, kwa hiyo wifi na mimi tukaingia kihalali. Zainabu, mkubwa wao, miaka tisa, akabaki Arua na bibi. Shuleni wakaanza kukataa kikombe alichonywea, eti nyumba yao ina ugonjwa wa macho. Saratani haiambukizi lakini nenda kaliambie darasa la tatu. Likizo ilipofika nikamleta Kampala naye aangaliwe, akatiwa dawa ya matone, akaangaliwa, hana kitu, na umri wake umeshapita ule ambao ugonjwa huu kawaida unaanzia. Tukatoka nje tunafurahi, ndo akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Shangazi, mimi langu wanatoa lini?" Alikuwa amekaa na swali hilo miezi yote. Alidhani inakwenda kwa zamu.

Na huyo ndo hosteli ilimkatalia kulala. Sio mgonjwa, sio mlezi, kitanda hana. Alilala kwa shemeji Bwaise, asubuhi analetwa na boda, ananawa mikono getini, anakaa kwenye benchi la ua mpaka giza, kuingia chumbani haruhusiwi. Rashidi akawa anatoka kukaa naye kwenye benchi, anamwonyesha jicho la bandia linavotolewa na kurudishwa, na kusema kweli kwa benchi lile Zainabu alielewa zaidi kuliko maneno yetu yote. Matroni sababu zake ni za kweli, watoto wa nje wanaleta surua na tetekuwanga, na ukifungulia ndugu wa mmoja unafungulia wa wote. Sibishi. Ila palikuwepo na mama wa Masaka mwenye mapacha wa kufanana, mmoja ana lukemia, mwingine mzima kaachwa kijijini kwa sheria hiyohiyo, wakati utafiti wa mapacha wa kufanana aliofanya Mel Greaves na wenzake Uingereza ulionyesha lukemia ya namna hiyo hatua yake ya kwanza inaweza kuanza tumboni na kupita kwa pacha mwenzake kwa damu, kwa hiyo yule wa kijijini anatakiwa aangaliwe kwa karibu kuliko mtoto yeyote. Na likija suala la kupandikiza uloto, wa kwanza kupimwa ni ndugu, kila ndugu ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana. Yani kwa daktari ndugu ni sehemu ya ugonjwa na sehemu ya dawa, kwa hosteli ni mgeni.

Nilimwambia matroni, stoo ile ya nyuma yenye magodoro mabovu, isafishwe, iwekwe vitanda viwili vya ndugu, kadi ya chanjo ionyeshwe getini, mwisho siku tatu. Akasema ataipeleka kwenye kamati. Nesi anayekuja jioni kuongea na wazazi naye nilimwomba siku moja aongee na ndugu peke yao, bila sisi, akasema hilo linawezekana hata bila kamati.

Nyota nne. Mkipangiwa, bebeni shuka zenu, ndoo moja ndogo kwa kila mtoto, kadi za chanjo, slipa, na picha za zamani za simu za watoto wote msizifute, daktari wa macho wetu aliomba kuziona. Wa kutoka kaskazini, mzee wa getini yuko zamu ya mchana, msalimieni kwa Kiswahili. Angara acheni nyumbani.